Kwa nini dawa za moyo za zamani karibu zote zilianzia kwenye sumu?

#1 Daftari Jeusi
Wakuu habari. Nina swali limenikaa kichwani siku kadhaa. Mama yangu moyo wake umechoka na mapigo hayana mpangilio, anatumia digoksini. Jana nimekaa naye akaniuliza tumebadilisha lini mapazia. Hatujabadilisha, ni yaleyale meupe, yeye anayaona ya njano, anasema kama yamefuliwa na kitu chenye bizari. Na chakula hataki, asubuhi kichefuchefu. Nikaanza kusoma hii dawa imetoka wapi ndo nikashtuka. Inatoka kwenye mmea unaoitwa dijitalisi, sumu kabisa. Nikaendelea: strofanthini ilikuwa sumu ya mishale. Wafarini anayotumia mjomba wangu kuzuia damu kuganda iliuzwa kwanza kama sumu ya panya. Sasa hii imetokea tu au kuna sababu? Kwa nini moyo utibiwe na vitu vya kuua? Wenye uelewa karibuni. Nawasilisha.

#2 NesiMstaafu
Mwanangu historia itasubiri. Mtu anayetumia digoksini akianza kuona njano na kutapika, hiyo inaweza kuwa dawa imezidi mwilini. Mpeleke leo, usisubiri kesho. Waambie wapime kiwango cha digoksini kwenye damu, potasiamu na figo, na waangalie mapigo kwa mashine. Dozi inayofuata asimeze kabla hujaongea na daktari. Kama anatumia na dawa ya kukojoa maji wataje pia.

#3 Daftari Jeusi
Asante mama. Nimeshapiga simu, tunatoka sasa hivi. Dawa ya kukojoa anatumia ndiyo. Endeleeni nitasoma nikiwa kwenye foleni.

#4 kisomo
Pole mkuu. Swali lako jibu lake ni fupi: dozi. Daktari wa zamani Paracelsus alishasema karne ya 16 kwamba kila kitu ni sumu, tofauti ni kipimo. Dijitalisi ni mfano wenyewe. Daktari Mwingereza William Withering mwaka 1775 alitoa kitabu kuhusu huu mmea baada ya kumuona bibi mmoja wa kijijini anatibu watu waliovimba maji, miguu imejaa, tumbo limejaa, hawawezi kulala chali. Akachukua ile dawa akaipimia dozi. Sumu ikawa dawa. Imeisha.

#5 Fundi Saa
Kisomo umechanganya miaka. 1775 ndo mwaka aliopewa ile dawa ya familia aitolee maoni. Kitabu kimetoka 1785. Miaka kumi hapo katikati, na hiyo miaka kumi ndo habari yenyewe, msiiruke.

Jamaa alianza kwa kuchemsha majani kama chai. Ikamsumbua maana mgonjwa huyu anapona, yule anatapika hadi anazimia, na majani ni ya mmea uleule. Baadaye akagundua majani nguvu yake inabadilika kulingana na wakati wa mwaka. Akaamua anachuma wakati maua yanafunguka tu, anakausha, anasaga unga, hapo ndo dozi ikaanza kueleweka. Halafu sheria yake ilikuwa hii: mpe mgonjwa kidogo kidogo hadi mkojo ufunguke, au tumbo lichafuke, au mapigo yashuke, au aharishe, kikitokea kimojawapo acha hapohapo. Kwenye kitabu ameweka wagonjwa wake 163, na hakuficha waliokufa wala walioumia kwa sababu alizidisha. Mi nikisoma zile kesi namheshimu sana huyu mtu, maana angeweza kuandika waliopona peke yao na asingeulizwa na mtu.

Na ile njano ya mama yake Daftari imo mle. Withering aliandika kwamba dawa ikizidi mgonjwa anaona vitu vya kijani au vya njano, mapigo yanashuka hata hadi 35 kwa dakika, jasho baridi, kuzimia, kufa. Dalili zilezile za mwaka 1785.

#6 mjukuu_wa_mganga
Mnamtaja Withering mara kumi na yule bibi wa Shropshire, Uingereza, mnamtaja mara moja. Nani alimpa? Bibi alikuwa na mchanganyiko wa mimea 20 au zaidi na watu walikuwa wanapona kwake wakati madaktari wameshindwa. Withering mwenyewe amekiri hilo. Kazi aliyofanya ni kuangalia ile mimea 20 na kusema inayofanya kazi ni huu mmoja. Sawa ni kazi kubwa, sikatai. Lakini jina la bibi hatuna. Kila dawa kwenye huu uzi mkiifuatilia mtakuta mtu wa namna hiyo amesimama mlangoni hana jina.

#7 Binti Bahari
Jina lipo! Anaitwa Mama Hutton, kuna hadi picha ya kuchora amesimama na kikapu anaongea na Withering.

#8 Fundi Saa
Dada hiyo picha ni ya tangazo. Kampuni ya dawa ya Marekani ilichorewa mwaka 1928 kwa ajili ya matangazo yake, na huyo Mama Hutton ametokea hapo. Kwenye kitabu cha Withering hayumo, ni bibi tu wa Shropshire mwenye siri ya familia. Na hakuna mahali panaposema walionana uso kwa uso, aliletewa dawa aitazame. Watu wameinukuu ile picha hadi imekuwa historia. Mjukuu yuko sahihi, jina hatuna.

Halafu kuna ugomvi mwingine. Erasmus Darwin, babu yake Charles Darwin, alijulishwa huu mmea na Withering kwenye mgonjwa waliyemuona pamoja, halafu yeye akawahi kuandika kwa madaktari wenzake bila kumtaja Withering. Urafiki ukafa hapo. Kwa hiyo hata huyo mwenye jina kuna mtu alitaka kumfuta.

#9 Dawa_Chungu
Turudi kwenye swali. Dozi inaeleza kwa nini sumu INAWEZA kuwa dawa, haielezi kwa nini moyo. Naomba nijaribu.

Kila seli ya mnyama ina pampu ndogo kwenye ngozi yake. Kila mzunguko inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani. Aliyeigundua ni Mdenmark Jens Skou mwaka 1957, alifanya kazi kwenye mishipa ya kaa, akapewa Nobel 1997. Dijitalisi, strofanthini, uabaini (nayo sumu ya mishale), zote zinashika hiyo pampu na kuizuia. Sodiamu inajaa ndani ya seli ya moyo, ikijaa kalsiamu nayo inashindwa kutoka, na kalsiamu ndiyo inayofanya msuli ujikunje. Kwa hiyo moyo uliochoka unakamua kwa nguvu zaidi. Ikizidi umeme wa moyo unavurugika na mtu anakufa.

Sasa fikiria mmea. Hauwezi kukimbia. Unataka kila mnyama anayeutafuna ajute, awe mdudu, awe mbuzi. Utengeneze sumu ya nini? Ya kitu ambacho wanyama WOTE wanacho. Pampu hiyo wote tunayo. Ndio maana mimea isiyohusiana kabisa, wa Ulaya na wa Afrika, imefika kwenye sumu za aina moja. Haijatokea tu. Mmea ulilenga mnyama, na moyo ndo unaoshtuka wa kwanza.

#10 msomaji kimya
Nimesoma kimya siku zote leo inabidi niandike. Dawa_Chungu hoja yako nzuri kwa dijitalisi na ndugu zake. Lakini Daftari ametaja wafarini na wafarini haigusi hiyo pampu hata kidogo, inazuia vitamini K. Aspirini nayo inafanya kazi kwenye chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Kwinidini, dawa ya mapigo, inaziba njia za umeme za moyo. Kila moja ina mlango wake.

Mi naona jibu ni jepesi zaidi. Zamani hapakuwa na vipimo. Mmea ukileta nafuu ndogo kwa miezi sita hakuna atakayejua. Mmea ukimfanya mtu atapike na mapigo yashuke nusu ndani ya siku moja, kijiji kizima kitajua. Kwa hiyo tumeokota zile kali tu kwa sababu ndizo zinazoonekana. Zile za upole, kwa mfano Crataegus, wazungu wameinywa kwa ajili ya moyo miaka mingi na hadi leo wanabishana kama inafanya chochote.

#11 mjukuu_wa_mganga
Wote wawili mmesahau mtu. Mwindaji.

Mtu anayepaka mshale sumu anajua vitu ambavyo daktari wa 1850 hajui. Anajua mnyama ataanguka baada ya hatua ngapi, anajua mbegu ipi kali, anajua nyama iliyozunguka jeraha unaikata unaitupa halafu nyingine unakula na hufi. Hiyo ya mwisho itazameni vizuri. Kwenye damu inaua, tumboni haifanyi kitu kikubwa. Hiyo ni elimu ya dawa kamili.

Sasa John Kirk, daktari na mtu wa mimea kwenye msafara wa Livingstone wa Zambezi, anakutana na wawindaji wa huko na sumu yao inaitwa kombe, inatokana na mbegu za mmea unaotambaa, Strophanthus. Alikuwa anaibeba sumu kwenye mfuko mmoja na mswaki wake. Akapiga mswaki akasikia uchungu mkali mdomoni, akajipima mapigo akakuta yameshuka. Sampuli zikaenda Uingereza, Thomas Fraser wa Edinburgh akatoa kemikali yake akaiita strofanthini. Hata jina la kisayansi la mmea ni Strophanthus kombe. Neno la wawindaji limebaki, wawindaji wenyewe hawapo popote.

#12 Binti Bahari
Kirk ndo yuleyule aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar baadaye? Wa mkataba wa 1873 na Sultan Barghash?

#13 mjukuu_wa_mganga
Ndiyo huyohuyo dada.

#14 kisomo
Nakubali nilikosea miaka, asante Fundi Saa. Lakini Mjukuu umegusa kitu. Nimeenda kusoma na kumbe madaktari wa Ulaya walihangaika na strofanthini miaka mingi kwa sababu walikuwa wanawanywesha wagonjwa! Matone mdomoni, mara inafanya kazi mara haifanyi. Hadi Albert Fraenkel, Mjerumani, alipoichoma kwenye mshipa mwaka 1906 kule Strasbourg, ndo mgonjwa aliyekuwa anakata roho anakaa kitandani anapumua. Yaani imewachukua miaka mingi kujua kitu ambacho mwindaji alikuwa anakijua akiwa anakata nyama.

#15 mjukuu_wa_mganga
Hapo sasa umenielewa ndugu yangu.

#16 Dawa_Chungu
Hiyo ya mwindaji tamu sana ila haipingani na yangu. Mwindaji alitafuta kitu kinachosimamisha moyo, akakipata kwenye mmea uliokuwa umeshakitengeneza kwa ajili ya kusimamisha moyo. Msunguti je? Acokanthera. Wawindaji wa Afrika Mashariki wameutumia kwenye mishale toka zamani, na Mfaransa Arnaud 1888 akatoa humo uabaini, jina amelitoa kwenye neno la Kisomali la huo mti.

Na kuna panya. Yupo panya mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye manyoya marefu mgongoni, anatafuna gamba la msunguti, halafu ule mchanganyiko wa mate anajipaka ubavuni. Manyoya ya hapo yana vitundu kama sifongo, yananyonya sumu kama utambi unavyonyonya mafuta. Akitishwa anayatanua yaonekane, mbwa akimng'ata pale anaweza kufa. Mwenyewe hadhuriki. Watafiti wamelionyesha hili mwaka 2011. Mwindaji na panya wamechota kisima kimoja, na mimi nauliza kile kisima kimechimbwa na nani.

#17 msomaji kimya
Panya huyo amenifurahisha kwakweli. Lakini bado hujanijibu wafarini.

#18 Fundi Saa
Wafarini nina habari yake ngojeni.

Miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani ya kaskazini na Kanada walianza kufa kwa kuvuja damu. Unamkata pembe anavuja hadi anakufa. Waganga wa mifugo wakaona tatizo ni majani makavu ya klova tamu yaliyoota ukungu ghalani. Klova mbichi haina shida. Ikifika Februari 1933, theluji inapiga vibaya, mkulima mmoja wa Wisconsin anapakia kwenye gari lake mtamba aliyekufa, gunia kama kilo 45 za yale majani, na kopo la maziwa limejaa damu ambayo haigandi. Anaendesha karibu kilomita 300 kutafuta mtu wa kumsaidia, anaishia kwenye maabara ya Karl Paul Link. Jioni ile Link hana jibu, anamwambia tu aache kuwalisha yale majani. Mkulima anarudi na theluji yake.

Lakini lile kopo limebaki. Maabara ilikaa nalo miaka, wakatoa kemikali inayozuia damu kuganda, dikumaroli, mwaka 1939. Halafu Link akaumwa kifua kikuu, akiwa kitandani anasoma habari za panya, akafikiria sumu itakayowaua polepole wasishtuke. Mwaka 1948 ndugu yake dikumaroli, wafarini, ikaanza kuuzwa kama sumu ya panya. Jina lake limetokana na herufi za taasisi ya utafiti ya Wisconsin iliyolipia. 1951 askari mmoja wa Marekani akajaribu kujiua nayo, akapewa vitamini K akapona, hapo watu wakaona kumbe sumu hii ina breki. 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu na 1955 Rais Eisenhower alipopata shambulio la moyo akapewa.

Kwa hiyo klova HAIKUWA sumu. Sumu imetengenezwa na ukungu kutokana na kitu kisicho na madhara kwenye jani. Hapo nadharia ya mmea kujilinda inachechemea.

#19 Dawa_Chungu
Nakubali hiyo inachechemea.

#20 Mama wa Watatu
Samahani naingia na langu. Mume wangu anatumia wafarini mwaka wa sita, ana valvu ya chuma. Mwanzoni tulikuwa tunapigana na kipimo cha damu, leo chini kesho juu, tukalaumu dawa, tukalaumu maabara. Kumbe wiki moja mboga za majani kila siku, wiki nyingine hagusi kabisa. Mboga zina vitamini K, ndo ileile breki anayoisema Fundi Saa. Hatukuacha mboga, tulichofanya ni kula kiasi kilekile kila wiki, na kipimo kikatulia. Hakuna aliyetueleza hivi siku ya kwanza, tungejua tungepumzika mapema.

#21 NesiMstaafu
Asante mama kwa hilo, wengi wanaacha mboga kabisa na siyo sahihi. Na mtu asianze dawa yoyote ya mitishamba juu ya wafarini bila kusema kwa daktari.

Wakati nasubiri habari za mama yake Daftari niseme kwa nini niliuliza dawa ya kukojoa. Digoksini na potasiamu zinagombea mahali pamoja kwenye ile pampu ya Dawa_Chungu. Dawa nyingi za kukojoa zinapoteza potasiamu. Ikishuka, digoksini inapata nafasi zaidi na dozi ileile ya kila siku inageuka kubwa. Na figo ndizo zinazoitoa digoksini, zikichoka inabaki mwilini. Ndio maana mzee anaweza kumeza kidonge kilekile miaka mitatu salama halafu wiki moja kikamgeuka.

#22 kisomo
Hivi Van Gogh, yule mchoraji, sio alikuwa anaona njano kwa sababu hiyo? Nilisoma mahali.

#23 Binti Bahari
Ipo picha ya Dk Gachet aliyoichora 1890 na mbele yake kuna shina la dijitalisi kabisa. Kwa hiyo daktari wake alikuwa nayo.

#24 Fundi Saa
Kuwa na ua kwenye picha sio kumeza dawa. Hakuna maandishi yanayoonyesha alipewa. Wengine wanasema ni pombe ya absinthe, wengine wanasema ni ugonjwa wa macho, na mimi nasema mtu anaweza kupenda njano bila kuumwa. Tena angekuwa anaona njano kila mahali basi hata rangi nyeupe kwenye kibao chake angeiona njano, asingekuwa na haja ya kuongeza.

#25 kisomo
Hiyo ya mwisho sikuwa nimeifikiria. Haya turudi.

#26 Mkia wa Mjusi
Mmesahau kwinini. Hiyo haikutoka kwa bibi wala mwindaji wala ng'ombe, imetoka kwa mgonjwa mwenyewe.

1912 daktari Mholanzi Wenckebach yuko kazini. Anakuja mfanyabiashara, Mholanzi mwenzake, mapigo yake yanavurugika mara kwa mara. Anataka dawa. Wenckebach anamwambia hakuna dawa ya hiyo. Mgonjwa anasema, wewe ni mtaalamu wa moyo na huwezi, mimi mwenyewe naweza. Alikuwa amekaa nchi zenye malaria, alishagundua akimeza gramu moja ya kwinini mapigo yanarudi sawa. Daktari hakuamini. Kesho yake asubuhi mgonjwa anarudi, mapigo yamenyooka. Wenckebach alikuwa na ungwana wa kuiandika 1914. Wachache wakajaribu, haikufanya kazi kwa wote, hadi 1918 Walter Frey akalinganisha kemikali za gamba la sinkona, mti wa kwinini, akakuta ndugu yake kwinini, kwinidini, ndo bora.

Na Mfaransa Sénac alishaandika 1749 kwamba gamba hilo linasaidia mapigo ya kwenda mbio. Miaka 160 na zaidi watu hawakusoma.

#27 mjukuu_wa_mganga
Mgonjwa huyo naye jina hana. Naendelea kuhesabu.

#28 Dawa_Chungu
Mkulima wa theluji anajulikana lakini, Link alimtaja, ni Ed Carlson. Hesabu yako usiipendelee upande mmoja.

#29 mjukuu_wa_mganga
Sawa huyo nampa. Mmoja.

#30 Mkia wa Mjusi
Mpeni na fundi wa maabara wa Cairo basi. Mmea wa khella, Ammi visnaga, Wamisri wameutumia toka zamani kwa mawe ya figo. Miaka ya 1940 mwanafiziolojia Anrep anafanya kazi Cairo, fundi wake wa maabara ana maumivu ya kifua ya moyo na pia ana mawe ya figo. Anakunywa khella kwa ajili ya figo, kifua kinatulia. Anrep anashangaa, anafuatilia. Kutoka kwenye kemikali ya khella Wabelgiji wakatengeneza kwa hatua kadhaa amiodaroni mwaka 1961. Hiyo ni moja ya dawa kubwa za mapigo hadi leo, wanaichoma hata mtu akiwa amezimia. Uzito wake kama asilimia 37 ni ayodini, ndio maana tezi ya shingo inavurugika, wanaoitumia wapime.

Na khella sio sumu ya maana, ni kiungo tu cha tiba za kawaida. Kwa hiyo hoja ya #1 nayo ipunguzwe, "karibu zote" ni nyingi.

#31 Chembe Moja
Hata statini, za kolesteroli, ni za mimea.

#32 msomaji kimya
Hapana mkuu, statini ya kwanza Akira Endo wa Japani aliitoa kwenye kuvu miaka ya 1970. Kuvu sio mmea. Na kaptoprili ya presha imetokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazili. Hapo tena sumu, ila mmea hakuna.

Ya presha iliyotoka kwenye mmea ni reserpini, mzizi wa Rauwolfia serpentina. India wameujua karne nyingi. Sen na Bose waliandika 1931 kwamba unashusha presha na kutuliza wagonjwa wa akili, wakaandika kwenye jarida la kwao India, Ulaya hawakushtuka. Vakil wa Bombay akaandika 1949 kwenye jarida la Uingereza, ndo kila mtu akakimbilia, 1952 Waswisi wakaitoa kemikali. Maarifa yaleyale, tofauti ni ukurasa ulipochapishwa. Mjukuu hawa wana majina, lakini walisikilizwa kwa kuchelewa.

#33 kisomo
Jambo moja linanisumbua. Tunasifia dijitalisi lakini si walishaipima na ikaonekana haiokoi maisha?

#34 Fundi Saa
Utafiti wa 1997, wagonjwa 6,800 wenye moyo uliochoka, nusu digoksini nusu kidonge kitupu. Vifo sawasawa. Ila waliolazwa kwa moyo kuzidiwa walipungua, asilimia 28 hivi. Kwa hiyo haikuongeza siku, imewapunguzia wengi kulala wodini. Mgonjwa anayeshindwa kupanda ngazi tatu, hicho sio kitu kidogo. Na kipimo kinachotakiwa leo ni kidogo kuliko cha zamani.

Ila wengi wenu hamjui kwamba digoksini hadi leo inalimwa. Sydney Smith aliitoa 1930 kwenye Digitalis lanata, ndugu mwenye manyoya wa ule wa Withering, na mpaka sasa viwanda vinategemea shamba, maana kuitengeneza kutoka sifuri ni kazi ngumu mno. Kabla ya hapo unga wa majani ulikuwa unapimwa nguvu kwa kudunga vyura, paka na njiwa. Dozi ya binadamu inahesabiwa kwa paka! Ndo ujue Withering alichokuwa anapambana nacho.

#35 Chembe Moja
Asante kwa kunisahihisha. Sasa mtu akiwa na ua hilo nyumbani akachemsha majani mwenyewe inakuwaje? Nauliza tu.

#36 NesiMstaafu
Usithubutu. Jani moja na jani la jirani yake havilingani nguvu, Withering ameliona hilo kwa macho yake na watu wamekufa mikononi mwake. Oleanda nayo hivyohivyo, mbegu zake zimeua wengi. Mtu akizidiwa na hizi sumu dawa yake ni kingamwili zinazotokana na kondoo aliyechanjwa, zinakamata digoksini kwenye damu. Zilianza kutumika kwa binadamu 1976. Hazipo kila hospitali. Kidonge kinapimwa, jani halipimwi.

#37 Dawa_Chungu
Oleanda ya Mediterania, msunguti wa Afrika, dijitalisi ya Ulaya, kitunguu bahari nacho. Oleanda na msunguti ni familia moja, lakini dijitalisi na kitunguu bahari kila mmoja una familia yake. Na kitunguu bahari chekundu kiliuzwa kama sumu ya panya kabla ya wafarini, kwa sababu panya hawezi kutapika, mbwa akila anatapika anapona. Msomaji kimya unaniambia hii yote ni macho yetu tu kuona vilivyo vikali?

#38 msomaji kimya
Nakuambia nusu. Mmea umetengeneza sumu kwa sababu yako, binadamu ameiona kwa sababu yangu. Na mwindaji wa Mjukuu amesimama katikati. Lakini khella na klova bado ziko nje ya nyumba yako.

#39 mjukuu_wa_mganga
Na bibi wa Shropshire hakuwinda chochote, alikuwa anatibu. Hata nadharia yangu haimtoshi. Ndo maana namtafuta.

#40 Daftari Jeusi
Wakuu nimerudi, samahani siku nne kimya. Kiwango cha digoksini kilikuwa juu, potasiamu chini, figo zimepungua nguvu, kama alivyosema mama NesiMstaafu neno kwa neno. Daktari alimuuliza mama "unaona rangi gani ukutani" kabla hata ya majibu ya damu. Walimlaza, wakasimamisha dawa, wakarudisha potasiamu polepole. Sasa dozi ni nusu, siku moja anameza siku moja anaacha. Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye benchi la wodi, ile ya panya nimemsomea mama akacheka. Leo asubuhi kaamka akatazama dirishani akasema mmefua.

#41 NesiMstaafu
Alhamdulillah. Damu irudiwe baada ya wiki moja, usisahau.

#42 Binti Bahari
Mungu ampe nguvu mama. Mkia wa Mjusi ile kwinidini mbona siku hizi haisikiki, iliishia wapi?

#43 Mkia wa Mjusi
Ilikuja kuonekana inazimisha baadhi ya watu ghafla, mapigo yanapinduka. Miaka ya 1960 madaktari wakaliona wazi kwenye mashine. Bado inatumika kwa wachache, kuna ugonjwa wa kurithi wa Brugada ambao inawafaa. Kesho nikipata muda nitaandika vizuri.